Kreti Mia Mbili kwa Saa

Jumatatu, 5 Oktoba

Leo ni siku ya thelathini na nane tangu nitoke nyumbani. Nimenunua daftari hili kwa sababu jioni za hapa ni ndefu, na nikikaa bure nawaza mambo. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la sita. Nikikosea, daftari ni langu.

Kazi yenyewe ni hii. Nyanya zinatoka mashambani zikiwa zimechanganyika, zinamwagwa kwenye mkanda mrefu wa mpira, na sisi watu ishirini tumesimama kandokando tunachagua: nyekundu huku, za kijani nje. Kwa mikono yetu tunapitisha kreti themanini kwa saa. Mwaka huu mashamba yamezaa kama yamelogwa. Kreti zimepangwa uani hadi zimeziba dirisha la choo.

Mkataba unasema basi la kuturudisha linaondoka mara moja tu, kreti ya mwisho ikishapita. Nyapara amepiga hesabu ukutani kwa chaki: tukienda hivi, tutamaliza katikati ya Aprili.

Kitinda mimba wangu anaingia sekondari tarehe 11 Januari. Mzazi anatakiwa afike naye na kutia sahihi. Nilimwahidi kuwa mzazi huyo nitakuwa mimi, si mama yake, si mjomba wake wala jirani. Mimi nilipotakiwa kuhamia shule nyingine niendelee na la saba, baba alikuwa kwenye kazi ya mbali kama hii. Nikaambiwa nimsubiri. Nilimsubiri miaka miwili, shule haikunisubiri.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mashine imefika! Ina kamera mbili juu ya mkanda, taa kali kama jua la saa saba, na mwishoni midomo midogo ya chuma inayopuliza hewa. Kamera ikiona nyanya ya kijani, mdomo unapuliza pwii! nyanya inaruka nje. Nimecheka kama mtoto.

Aliyekuja nayo ni dada mmoja mwembamba, viatu vyake havijui matope. Ndiye mwandishi wa programu inayoiambia mashine ipi mbivu ipi mbichi. Tunamwita Fundi. Ameketi kwenye kreti iliyogeuzwa, kompyuta mapajani.

Nyapara akaniambia, "Wewe Darasa la Sita, kaa karibu na mashine. Ikikosea, rekebisha kwa mkono." Ameniita hivyo tangu alipoona fomu yangu. Sawa. Jina halitoboi ngozi.

Kreti tisini kwa saa. Tukiongeza mwendo, mashine inachelewa: nyanya imeshapita, ndipo inapuliza. Inapuliza hewa kumpa nani?

Ijumaa, 9 Oktoba

Joto. Kreti 88. Mgongo.

Jumanne, 13 Oktoba

Leo nimeuliza. Kijiko, anayelala kitanda cha juu yangu na kula kila kitu kwa kijiko, hata embe, alinionya: "Ndugu yangu, usimsumbue msomi, atakuomba cheti." Lakini mimi nina tarehe yangu ya Januari.

"Fundi, samahani. Hii mashine inafikiria nini muda wote huo?"

Hakunicheka. Alinionyesha. Picha ya nyanya imegawanyika vinukta maelfu. Kila kinukta kamera inakipa namba tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Namba hizo peke yake hazisemi kama nyanya imeiva, kwa sababu kivuli kikipita zote zinashuka. Kwa hiyo programu inazigeuza ziwe namba za aina nyingine, zinazotenganisha rangi na mwanga. Kugeuza huko ndiko kunakokula muda. Kuna desimali, kuna kugawanya, kuna vipeo vya tatu. Kwa kila kinukta!

"Hata kama kinukta kilichotangulia kilikuwa na rangi ileile?"

"Hata kama."

"Basi inafanya kazi ya punda."

Nikamweleza kwamba niliwahi kufanya kazi duka la rangi za nyumba miaka minne. Hatukuwa tunabuni rangi upya kwa kila mteja. Tulikuwa na kadi. Mteja anagusa kipande, nyuma kuna namba, namba inasema mimina hiki na hiki. Aliyeumiza kichwa aliumiza mara moja tu, siku ya kutengeneza kadi.

Fundi alitafuna kalamu. Kisha akasema, "Mzee wangu, hiyo ni jedwali. Unakokotoa zote asubuhi kabla mkanda haujawashwa, halafu mchana kutwa unaangalia tu."

Amenipa mkono! Mkono wangu ulikuwa na glavu imelowa nyanya, hakujali.

Jumatano, 14 Oktoba

Kreti 90. Fundi anaandika. Mimi nasubiri kama mtu aliyepanda mbegu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Aibu. Jedwali liko tayari, lina rangi zote kamera inazoweza kuona: milioni kumi na sita na ushei. Tumewasha. Kreti sabini.

Sabini! Chini ya mikono yetu!

Nyapara alishika kiuno. "Nani alimpa wazo hili? Darasa la Sita? Fundi, wewe una digrii, unafundishwa na mbeba kreti?" Watu wakacheka, na Kijiko naye alicheka. Nilitamani mdomo wa hewa unipulize nje ya jengo.

Uani safu nyingine ya kreti imeongezeka.

Jumanne, 20 Oktoba

Fundi alinifuata wakati wa chakula, akakaa kwenye gunia.

"Kosa si wazo lako," akasema. "Kosa ni ukubwa. Kompyuta ina kumbukumbu ndogo karibu na mkono, na kumbukumbu kubwa iko mbali. Jedwali langu ni kubwa mno, limekaa mbali. Kila kinukta inakwenda mbali na kurudi."

Nikaelewa papo hapo, maana ndiyo kazi yangu. Kreti tupu zikiwa miguuni napakia haraka. Zikiwa ghalani, siku nzima ni kutembea.

"Sasa Fundi, kadi yetu dukani haikuwa na rangi milioni. Zilikuwa kama mia tatu, na mteja alitoka ameridhika. Nyekundu hii na jirani yake, jicho gani litazitofautisha? Nyanya si bibi harusi."

Alicheka mpaka akapaliwa. Akachukua chaki, akapiga hesabu sakafuni. Kila moja ya zile namba tatu ina ngazi mia mbili hamsini na sita. Tukizikata zibaki ngazi thelathini na mbili tu, jedwali linakuwa na vyumba elfu thelathini na mbili na kitu. Hilo linaingia karibu na mkono.

Nimeiangalia ile chaki hadi kengele ilipolia. Shule ningeikuta hivi, nisingeiacha hata kwa fimbo.

Ijumaa, 23 Oktoba

KRETI 160!

Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Nyanya zinapita kama mvua ya mawe, midomo inapuliza pwii pwii pwii, na zinazoruka ni za kijani tu. Kijiko alipiga kelele, "Ndugu, punguzeni, macho yangu hayana jedwali!" Nyapara alifuta Aprili ukutani, akaandika 20 Januari.

Nimempigia binti yangu. Nikamwambia hesabu imeshuka.

"Tarehe ishirini, baba? Shule inafunguliwa kumi na moja."

"Najua. Bado tunaishusha."

Akasema, "Mjomba anasema yeye ana nafasi." Hakusema kwa ubaya, nami sikujibu kwa ubaya. Lakini baada ya simu nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni kwa muda mrefu.

Jumanne, 27 Oktoba

Mwenye kampuni amekuja na gari lake jeupe. Aliangalia mkanda, aliangalia mawingu, aliangalia kreti uani. Mvua zikianza nyanya zilizoko shambani zitapasuka, ni lazima zichumwe zote, na ghala limeshajaa. Alisema mbele yetu sote: "Jumatatu asubuhi nitarudi. Nikikuta mia mbili kwa saa, mashine inabaki. Chini ya hapo inapakiwa kwenye lori, mnarudi kuchagua kwa mikono."

Kwa mikono ni Aprili. Au Mei.

Jumatano, 28 Oktoba

Kreti 160.

Alhamisi, 29 Oktoba

Kreti 163. Fundi hali. Nimempelekea chai, ikapoa.

Jumamosi, 31 Oktoba

Leo yamenikuta makubwa, lazima niyaandike kwa utaratibu.

Asubuhi Fundi alikuja mbio. Amegundua hatua nyingine inayopoteza muda: kamera inapotoa zile namba tatu, programu kwanza inazipanga upya katika kumbukumbu, ndipo inaanza kuangalia jedwali. "Kwa nini nizipange upya?" akasema. "Nizichukue zilivyo!" Ameifuta hatua hiyo yote, na desimali za mwisho zilizosalia amezitoa, sasa ni namba nzima tupu.

Tukajaribu. Mwenye kampuni alikataza nyanya nzuri zisichezewe kwenye majaribio, zisije zikachubuka, kwa hiyo tulitumia makapi, zile za kijani zilizotupwa wiki nzima. Tukamwaga. Kreti mia mbili na kumi kwa saa! Na kila moja ilipulizwa nje, haikupona hata moja. Nyapara mwenyewe alipiga makofi. Fundi alilia kidogo, akajifanya ni vumbi.

Nilibaki kufagia mkanda. Mashine ilikuwa bado inaunguruma. Nikapitisha mkono chini ya kamera kuokoa nyanya iliyokwama, nikaona kwenye kioo cha kompyuta ile namba ya nyanya za daraja la kwanza imetoka sifuri ikawa moja. Nikapitisha tena. Mbili. Nikapitisha mkono wa kushoto. Tatu.

Mkono wangu ni nyanya mbivu?

Nilivua glavu nikapitisha mkono mtupu. Haikuhesabu. Nikavaa. Nne.

Fundi alikuwa ameshaondoka kwenda mjini kulala, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nyapara alikuwa mlangoni na funguo. Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kile kicheko cha Jumatatu ile, nikaufunga.

Jumapili, 1 Novemba

Mawingu, lakini hakuna mvua. Nimefua. Nimemwambia Kijiko kuhusu glavu.

"Glavu ya bluu?" akauliza.

"Ya bluu."

"Labda mashine imechoka."

"Mashine haichoki."

"Basi kama una jambo sema, kama huna lala. Hapa wanakucheka, lakini kesho likiharibika watasema wewe ndiye uliyekuwa umesimama hapo."

Huyu mtu wa vijiko nilimdharau bure. Ana akili ya kunoa.

Nimekaa nimechora kwenye daftari. Namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Glavu ni bluu na mashine inasema ni nyekundu. Kijani kinabaki kijani. Nimeandika zile tatu kwa mpangilio, kisha nikazigeuza kinyumenyume: bluu, kijani, nyekundu. Kijani kiko katikati! Ukigeuza kushoto kulia, cha katikati hakihami!

Nimesimama mpaka nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Tulijaribu kwa nyanya za kijani tupu. Za kijani zingefaulu hata mambo yakiwa kichwa chini miguu juu. Nyekundu hatukupitisha hata moja.

Simu ya Fundi haipatikani.

Jumatatu, 2 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa langoni. Saa moja na ushei Fundi alishuka kwenye gari amevaa nguo nzuri.

"Fundi, shikamoo ya leo tuiache. Njoo uone kitu."

Nikawasha, nikaweka glavu yangu moja kwenye mkanda. Ikaenda, ikapita chini ya kamera, ikapita midomo yote bila kupulizwa, ikaanguka ndani ya kreti ya daraja la kwanza kama mgeni rasmi. Kisha nikaweka nyanya nyekundu, nzuri, ya kupiga picha. Pwii! Nje.

Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kamera hii inatanguliza bluu! Ile hatua niliyoifuta ndiyo iliyokuwa inazigeuza! Mungu wangu, ningemtupia mwenye kampuni nyanya zake zote usoni!"

Ilibaki saa moja na nusu kabla mwenye kampuni hajafika. Nyapara alifika, akaelewa nusu, akaanza kufoka: "Rudisheni ya zamani!"

"Ya zamani ni mia na sitini na tatu," Fundi akamjibu. "Lori linapakia."

Nikasema: "Fundi, ile kadi tunaitengeneza mara moja tu asubuhi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini kuhangaika kugeuza kila kinukta? Igeuze kadi. Iandikwe bluu kwanza, kama kamera inavyotaka. Maana duka letu lilipohamia mtaa ambao watu wanasoma kuanzia kulia, hatukuwageuza wateja. Tuligeuza kadi."

Aliniangalia. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia. Dakika nane, nimezihesabu kwa saa ya ukutani. Alibadilisha mstari mmoja, jedwali likajengwa upya.

Safari hii nilimwaga kreti mbili za nyekundu na moja ya kijani, zimechanganywa, na glavu yangu juu yake. Nyapara akapiga ukelele, "Nani kakuruhusu kutumia nyekundu?" Nikamwambia, "Nimejiruhusu, nikate mshahara." Nyekundu zikapita. Kijani zikaruka. Glavu ikaruka hadi kwenye bega la Kijiko.

Mwenye kampuni alikuja saa tatu kamili. Alisimama saa nzima, mikono nyuma. Kreti mia mbili na kumi na nne.

Alisema, "Vizuri," akaondoka. Neno moja tu, basi. Lakini Fundi alimshika nyapara mkono, akamwambia polepole ili wote tusikie: "Huyu ndiye aliyeokoa msimu wako. Ana jina kwenye fomu. Lisome."

Nyapara aliangalia viatu vyake. Kisha akaenda ukutani, akafuta, akaandika 28 Desemba.

Ijumaa, 13 Novemba

Kreti 214. Uani nimeona dirisha la choo.

Jumanne, 24 Novemba

Kreti 215. Fundi ananifundisha kusoma programu wakati wa chakula. Ni kama kusoma barua ya mtu mkali asiyetumia salamu. Leo nimeandika mistari minne mwenyewe: inahesabu nyanya kumi kisha inasimama. Ilisimama! Kijiko amesema mistari minne si kitu, mbona hata yeye anaweza kusimama.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua. Mvua. Hakuna gari la shambani.

Ijumaa, 4 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 5 Desemba

Mvua. Nyapara amefuta 28 Desemba, hakuandika kitu. Hakuna asiyekiangalia kile kipande cha ukuta.

Jumatano, 9 Desemba

Magari yamefika, nyanya zimelowa. Maji yanang'aa chini ya taa na mashine inaona weupe, inakataa nyanya nzuri. Kreti 120. Moyo umenishuka hadi kwenye soksi.

Fundi amesema vyumba vya jedwali vyenye mng'ao vijazwe kwa jicho, si kwa hesabu. Jicho la nani? Akanisogezea kiti. Tulikaa kutwa nzima: ananionyesha rangi kwenye kioo, mimi nasema "mbivu", "maji tu", "mbichi", "hii inadanganya, igeuze". Vyumba mia tisa na arobaini. Nyapara alituletea chai mwenyewe, mimi akanitilia kwanza. Nadhani amechoka kama sisi, na yeye ana watu wanaomsubiri mahali fulani.

Alhamisi, 10 Desemba

Kreti 209, nyanya zikiwa zimelowa maji! Mkasi haukati namna hii!

Ijumaa, 25 Desemba

Kreti 214. Tumefanya nusu siku.

Jumatano, 30 Desemba

Ukutani: 5 Januari. Basi linachukua siku tatu na ushei. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha nimemwomba Fundi ahesabu.

Jumapili, 3 Januari

Fundi ameniita pembeni. Mashine inahamia jengo la ng'ambo ya mto, kuchagua pilipili hoho. Rangi nne badala ya mbili. Anataka niende naye niwe jicho la jedwali, na anifundishe programu sawasawa. "Siku kumi tu, mzee wangu. Kuanzia tarehe sita."

Sijawahi kuombwa kitu kwa namna hiyo maishani. Sisemi uongo: damu ilinichemka. Rangi nne! Niliona jedwali zima kichwani.

Nikamwambia nitajibu kesho.

Jumatatu, 4 Januari

Nimejibu kabla ya chai. "Fundi, siku kumi ni nyingi mno kwangu. Mchukue Kijiko."

"Kijiko?"

"Hana wa kumkimbilia, na jicho lake si baya. Nimemjaribu jana jioni kwa rangi sitini kwenye kompyuta yako, amekosa tatu. Hata mimi moja ya hizo tatu nilisitasita."

Kijiko alikuwa nyuma yangu, anajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Fundi alicheka, kisha macho yake yakabadilika. "Na wewe?"

"Mimi nitakuandikia. Nina anwani yako. Msimu ujao kama kuna mkanda unaosumbua, niite, lakini niite baada ya shule kufunguliwa."

Jumanne, 5 Januari

Kreti ya mwisho imepita saa nane na dakika kumi mchana. Ilikuwa na nyanya chache, nusu kreti. Tuliziangalia zikipita moja moja. Kisha nyapara akazima mkanda, na ukimya wake ulikuwa mkubwa hadi tukaanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Nimempigia binti yangu kutoka kwenye simu ya ofisini.

"Mwambie mjomba wako apumzike."

"Kweli, baba? Usinitanie."

"Kweli. Na kalamu ya kutilia sahihi ninayo."

Alikimbia na simu kumwambia mama yake. Nilisikia miguu yake, na mlango, na mama yake akiuliza nani amekufa.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, siti yangu ni ya dirishani, nyuma ya dereva. Nitafika Jumamosi tarehe tisa, saa kumi jioni. Nikichelewa, lililochelewa ni basi, si mimi.